Mkeka wa Kituo cha Mwisho

Mimi watu wanaotembea bila safari nilikuwa siwaelewi. Hapa Msambweni mtu akitoka kwake anakwenda sokoni, hospitali au msibani, basi. Kwa hiyo siku Mwanapili aliponijia na karatasi mkononi, akaniambia kuna vijana wa Ukunda wanaotaka kuwatembeza watu katika mitaa yetu ili wawajue wageni wanaoishi humo, nilicheka mpaka nikauweka mwiko chini. Nilimuuliza tangu lini wageni wamekuwa ngedere wa kutazamwa.

"Si kutazamwa, dada. Ni kujuana," alisema. Hakucheka hata kidogo.

Jina langu ni Chiku binti Matano. Nauza viazi vya karai karibu na stendi, mwaka wa kumi na tisa huu, na wateja wangu watakwambia kwamba mdomo wangu haujui kupumzika. Nimegombana na watu wa bodaboda, nimegombana na watu wa kaunti, nimegombana na mwenye nyumba wangu mbele ya mkewe. Siku moja tu mdomo huu ulitakiwa useme jambo la maana, ukashindwa. Siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, lakini haitaeleweka mpaka nimweleze Mwanapili kwanza.

Kwenye kitambulisho chake ameandikwa Mwanapili Matano Chirau. Kwenye changu nimeandikwa Chiku Matano Chirau. Ukitusoma kwa karatasi sisi ni ndugu wa baba mmoja, na mtaa mzima ndivyo unavyotujua. Ukweli ni kwamba alizaliwa Shimoni, nyumba ya pili kutoka kwetu, na mamake ni Bi Maimuna, mwanamke wa Kipemba aliyevuka na mumewe kabla sisi hatujazaliwa. Mume alirudi Pemba kumzika babake, akapotelea huko. Bi Maimuna alipougua baada ya kujifungua, mama yangu alimchukua Mwanapili akatunyonyesha sote wawili, mimi ziwa hili na yeye ziwa lile. Kwa hiyo si karatasi iliyonifundisha kwamba yule ni dada yangu.

Mateso ya Wapemba kabla ya serikali kuwatambua kila mtu wa pwani hii anayajua. Mtu alizaliwa hapa, akazeeka hapa, na kitambulisho hana. Hakuweza kusajili laini ya simu, hakuweza kuajiriwa hotelini, na akikutana na polisi njiani alitia mkono mfukoni kabla hajaulizwa kitu. Mwanapili alikuwa na akili darasani kutushinda sote. Alipotimiza miaka kumi na minane, Bi Maimuna alikuja kwetu, akaketi ukumbini, akamwomba baba yangu jina.

Baba alikuwa mwalimu wa madrasa na imamu wa msikiti wetu mdogo. Alikaa siku tatu bila kujibu. Siku ya nne alimchukua Mwanapili, wakaenda mbele ya wazee wa ukaguzi wa vitambulisho, akashika msahafu akaapa kwamba huyu ni mwanawe wa kumzaa. Aliporudi nyumbani alivua kofia yake ya kiua, ile ya kusalishia, akaiweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo hajasimama mbele ya watu kuwasalisha. Akawa anaswali safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Watu walipomuuliza alisema sauti yake imekwisha, nao wakamwonea huruma na kumletea asali.

Mwaka ule ule tulihamia Msambweni, Mwanapili akiwa mmoja wetu. Bi Maimuna alibaki Shimoni kwa makusudi, watu wasije wakawaona pamoja wakafananisha nyuso. Mwanapili akasomea ukarani, akaajiriwa, akaolewa, akazaa watoto wawili, na vyeti vyao vya kuzaliwa vikategemea kitambulisho kile kile. Mamake alipozeeka alishindwa kuvumilia, akaja naye Msambweni, akapanga chumba katika mtaa wa Wapemba kule chini upande wa Mkunguni. Alianika dagaa na kusuka mikeka. Mtu na mamake wakawa wanaishi mji mmoja, mwendo wa dakika kumi, wakipitana sokoni kwa "habari gani" na "nzuri" kama wateja. Mwanapili alikwenda kwake siku za kununua dagaa tu. Alinunua dagaa wengi mno, na mumewe, ambaye hakujua lolote, alilalamika kwamba nyumba nzima inanuka.

Sasa utaona kwa nini hakucheka nilipotaja ngedere.

Vijana wenyewe walikuwa na nia njema, nakubali. Mwaka huo kulitokea ugomvi kwenye mwalo wa samaki, nyavu za watu zikakatwa, Wapemba wakaambiwa warudi kwao. Vijana waliamini kwamba ukishakaa uani kwa mtu, ukala chakula chake na kumsikia akisimulia alikotoka, hutamtukana tena kwa urahisi. Basi kila baada ya Jumamosi mbili walileta watu kama kumi na watano: walimu, wafanyakazi wa hoteli za Diani, watu wa maofisini. Walitembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, na aliyewaongoza lazima awe mwenyeji, kwa sababu kanuni yao ilikuwa mwenyeji ndiye amjulishe mgeni. Walimchagua Mwanapili kwa ufasaha wake. Mwenyeji, binti wa Mzee Matano.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa fundi cherehani Mkongo nyuma ya stendi. Cha pili kwa Rispah, Mjaluo anayekaanga samaki sokoni, ambaye amekaa hapa kunishinda mimi na bado anaitwa mtu wa bara. Cha tatu kwa mchonga vinyago wa Kimakonde ambaye babu yake aliletwa kukata miwa Ramisi. Cha mwisho kilikuwa kwa Bi Maimuna.

Hicho cha mwisho alikichagua Mwanapili mwenyewe, na nilimgombeza vibaya. Nilimuuliza kama ana wazimu.

"Nitakaa uani kwa mama yangu mchana kweupe, watu wakiniona," alinijibu. "Unajua ni tangu lini sijakaa, dada?"

Nikakubali kupika. Vijana walinipa kazi ya chai na viazi pale kituo cha mwisho, na kwa hiyo kila kitu nimekiona kwa macho yangu.

Jumamosi ya kwanza niliunguza viazi vya mwanzo. Mwanapili aliingia uani na kundi lake nyuma, amevaa fulana ya matembezi juu ya buibui, akasema, "Shikamoo, bibi." Bi Maimuna alikuwa ameketi kwenye jamvi, chane za ukindu mapajani. Akainua uso, akamtazama mwanawe kwa adabu kamili.

"Marahaba, bi kiongozi. Karibuni wageni."

Halafu Mwanapili akageuka, akaanza kumweleza mamake kwa watu. Huyu ni bibi wa Kipemba. Alivuka akiwa bibi harusi. Husuka mikeka ya ukindu, na dagaa wake ndio wanaoliwa mpaka Mkongani. Alisema maneno hayo vizuri, bila kukosea. Mwalimu mmoja wa kike akauliza, "Bibi, una watoto?" Bi Maimuna akafunga fundo la ukili aliokuwa akiusuka, akajibu kwamba Mungu ndiye mpaji. Mwanapili akasema twende kwenye chai.

Nilidhani hawataweza kurudia, lakini walirudia, na wakazoea. Bi Maimuna alikuwa akifagia uani tangu asubuhi siku hizo na kujipaka wanja. Mwanapili alikuwa akikaa karibu naye, goti kwa goti, kwa kisingizio cha kumsaidia kuwaonyesha wageni namna ya kusuka. Niliwahi kuuona mkono wa bibi ukiwa juu ya mkono wa mwanawe, ukimwelekeza vidole, na ukikaa pale muda mrefu kuliko somo lenyewe. Hicho ndicho walichokipata.

Na matembezi yenyewe, lazima niseme, yalifanya kazi. Mimi niliyecheka nililiona hilo. Wale walimu walianza kuwasalimia Wapemba sokoni kwa majina. Mtu wa hoteli alimpa kijana wa mtaa ule kazi. Rispah aliniambia kwamba kuna wateja waliokuwa wakimwita "nyinyi watu wa bara" ambao sasa wanamwita mama. Ninachosema ni kwamba jambo zuri lilitendeka, na katikati yake akakaa mtu mmoja ambaye halikumfikia.

Bwana Mramba alikuja kwenye matembezi mwezi wa tano. Ni naibu chifu wetu, mtu wa Samburu kule Kinango, mbali na bahari, na alikuwa hajamaliza mwaka tangu aletwe huku. Wapemba walimwogopa. Vitambulisho vyao, vile walivyopewa baada ya serikali kuwatambua, vilikuwa bado vipya, na mtu mwenye kitambulisho kipya hana raha mbele ya mtu wa serikali. Yeye naye, kwa kweli, alikuja amekunja uso. Alikaa kwenye kibao nilichompa, akala dagaa, akamsikiliza Bi Maimuna akisimulia kaburi la mumewe asilolijua liko wapi. Nikamwona anavua miwani na kuifuta. Alisema mbele ya watu wote kwamba nyanyake aliishi hivyo hivyo, peke yake, na kwamba amekuwa akiwafikiria vibaya watu hawa na sasa anajuta. Watu wakapiga makofi. Kisha akataka kufanya wema.

Juu ya kamba ya nguo kulikuwa na mkeka umening'inizwa, mweupe mtupu, ukindu usiotiwa rangi. Bi Maimuna alikuwa ameumaliza wiki ile na aliuanika ukauke vizuri kabla ya kuuweka sandukuni. Bwana Mramba akasimama, akaushika. Akasema hajapata kuona mkeka mzuri namna hii, na angependa kuununua ili ukae ofisini kwake, kila aingiaye aione kazi ya Wapemba.

Mtu wa pwani asingeugusa. Mikeka ya rangi ni ya kulalia, ya harusi na ya kuuza. Mkeka mweupe mtupu mwanamke mzee hujisukia mara moja, aulalie ndani ya jeneza. Na kwetu mkeka huo hautajwi kwa kazi yake mwenyewe akiwa hai. Kuutaja ni kama kumwita mauti. Anayeruhusiwa kusema "huu ni wa safari ya mama, hauuzwi" ni mwanawe peke yake, kwa sababu ndiye atakayemzika. Mtu wa Samburu angeyajulia wapi hayo?

Bi Maimuna akamtazama Mwanapili. Nami nikamtazama. Midomo yake ilifunguka. Watu kumi na watano walikuwa wamesimama pale na simu zao, wakitabasamu, na Bwana Mramba amekwisha kutoa noti. Midomo ikafungika.

"Mpeni," alisema Bi Maimuna. "Nitasuka mwingine."

Aliukunja mwenyewe, akaufunga kwa kamba ya ukindu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mwanapili akatoa shukrani kwa niaba ya matembezi. Alipomaliza akaja pale jikoni nilipokuwa nikipika, akashika ukingo wa meza, akauma kanga yake mpaka nikaogopa ataitoboa. Nilimwambia maneno ya kipuuzi, kwamba ukindu haujaisha duniani.

Bi Maimuna alianza mwingine, lakini vidole vilikuwa vimechoka. Miezi mitatu baadaye alikuwa amesuka ukili wa pima chache tu, haujashonwa, umezungushwa kama gurudumu kando ya kitanda. Akashikwa na kifua. Mwanapili alimuuguza kwa visingizio: leo amepeleka dawa kwa niaba ya matembezi, kesho amekwenda kumuuliza kama ataweza kupokea wageni Jumamosi. Siku ya Alhamisi, baada ya adhana ya alfajiri, jirani mmoja alinipigia simu. Nilipofika, Mwanapili alikuwa tayari yuko sakafuni, amemshika mamake miguu, na wanawake wa Kipemba wamesimama mlangoni ili asionekane kutoka nje. Wale walijua siku zote. Wengi wao wana ndugu wanaoishi kwa majina ya watu wengine namna ile ile.

Mtu akifia nyumbani lazima naibu chifu aandike kibali cha mazishi. Wanaume wa mtaa walijitolea kwenda. Mwanapili akakataa. Alinawa uso, akavaa buibui, akanivuta pembeni.

"Nitakwenda mimi, na leo nitasema," aliniambia. "Nimechoka, dada. Aandikwe kwamba alizaa. Ukisema na wewe tutakuwa wawili, hawataweza kukataa. Utasema?"

"Nitasema," nilimjibu, na wallahi nilikusudia hivyo.

Tulipitia nyumbani nichukue kitambulisho changu. Baba siku hizi hatoki, miguu imevimba, hukaa kitandani na tasbihi yake. Nilimwambia kwamba Bi Maimuna ametangulia mbele ya haki. Akasema maneno ya msiba, akafumba macho. Akauliza tunakwenda wapi. Nilipomjibu alimtazama Mwanapili kwa muda, kisha akasema, "Nendeni, wanangu." Njia nzima nilikuwa nikiona mkono wake juu ya msahafu.

Ofisi ya Bwana Mramba ni chumba kimoja na meza moja. Mkeka ulikuwa ukutani nyuma ya kiti chake, umetundikwa kwa misumari miwili, na chini yake karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito: Kazi ya Mikono ya Wapemba. Nilimwona Mwanapili anautazama na kugeuza uso.

Bwana Mramba alipotuona alisimama. "Bi kiongozi! Karibuni." Tulipomweleza akakaa chini taratibu, akavua miwani kama siku ile. Alisikitika kwa dhati. Alisema atakuja mazishini mwenyewe. Kisha akavuta fomu, akaandika jina la marehemu, umri kwa kukadiria, mahali, saa. Akafika kwenye mstari wa anayeleta habari.

"Nitakuandika wewe. Uhusiano na marehemu?"

"Mwanawe," alisema Mwanapili.

Bwana Mramba akainua kalamu. Akatabasamu kidogo, kwa upole. "Mama, naelewa. Hata mimi nilimwona kama mzazi. Lakini hapa ni uhusiano wa damu."

"Ni wa damu. Ndiye aliyenizaa."

Bwana Mramba aliweka kalamu chini. Akaomba kitambulisho, akakisoma, akasoma na jina la baba kwa sauti. Halafu akafungua kabati, akatoa faili la orodha ya Wapemba waliosajiliwa katika kata yetu, akafunua kwa kidole mpaka akafika. Akaligeuza faili litutazame.

"Maimuna Abdulrahim. Tazama hapa, mama. Watoto: hakuna. Na hili ni dole gumba lake mwenyewe."

Mimi sikuwa nikijua. Mwanapili naye hakuwa akijua. Yule bibi alipanga foleni siku nzima kuipata karatasi aliyoisubiri maisha yake yote, na walipomuuliza watoto, akasema hana. Alisema hivyo ili jina la mwanawe lisichunguzwe. Mwanapili akaweka kidole chake kando ya lile dole la wino na hakukiondoa.

"Alinificha," alisema. "Bwana Mramba, alikuwa ananificha. Mimi ni mwanawe."

"Sikiliza, mama," alisema yule mtu, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ndiyo maana nashindwa kumchukia. "Matembezi yenu ndiyo yaliyonifundisha kwamba mgeni ana mama, ana kilio. Sitasahau. Na najua moyo wako, hutaki azikwe kama mtu asiye na mtu. Lakini ukiandika uwongo kwenye karatasi hii ni kosa. Na ikiwa si uwongo, basi uwongo umo kwenye kitambulisho hiki, na itanibidi nimwite Mzee Matano aje aeleze aliapa nini. Mzee wa dini, mgonjwa. Nani anataka hivyo?"

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye binti mkubwa wa Mzee Matano. Hebu tusaidie. Huyu bibi alikuwa nani kwenu?"

Mwanapili akanitazama. Hakunisihi, hakunikonyeza. Alinitazama tu kama mtu anayesubiri mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo. Akilini nilimwona baba akishushwa kwenye gari mbele ya ofisi hii, miguu imevimba, watu wa stendi wakitazama. Niliwasikia wale waliomletea asali wakisema kumbe. Niliwaona watoto wa Mwanapili na vyeti vyao, ingawa, nikisema kweli, hao niliwafikiria baadaye, nilipotafuta kujitetea.

"Jirani," nilisema. "Alikuwa jirani yetu wa zamani."

Bwana Mramba akashusha pumzi. Akaandika. Nilisoma kichwa chini miguu juu: Uhusiano na marehemu, jirani. Jamaa wa marehemu, hakuna. Akamsogezea Mwanapili atie sahihi, naye akatia, herufi moja moja, mpaka jina lote la baba yangu likaisha.

Mwanapili alikunja kibali, akasema neno moja tu. "Naomba ule mkeka."

"Huu?"

"Alikuwa ameusuka azikiwe."

Nilimwona yule mtu akielewa. Uso ulimshuka. Alipanda juu ya kiti yeye mwenyewe, akaing'oa misumari kwa vidole na funguo, akaukunja mkeka kwa heshima, akampa kwa mikono miwili kama alivyopewa. "Mchukulieni," alisema. "Maskini, hakuwa na mtu wa kuniambia."

Nilimwacha Mwanapili arudi na mkeka, nikakimbilia nyumbani kumtazama baba. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa kanzu. Kofia yake ya kiua ilikuwa kichwani. Sijui aliifikiaje juu ya lile kabati na miguu ile.

"Wanakuja kunichukua saa ngapi?" aliniuliza.

"Hawaji, baba."

"Hamkusema?"

"Yeye alisema. Mimi sikusema."

Baba alipeleka mkono kwenye kofia. Alikuwa amejiandaa, mtu yule, amengoja miaka ishirini na saba aulizwe. Akaivua kofia, akanipa niirudishe. Nilipanda kwenye kigoda nikairudisha juu ya kabati, kwenye vumbi, pale ilipoacha alama ya duara.

Bi Maimuna alizikwa baada ya swala ya alasiri. Wanawake walimwosha, na Mwanapili aliruhusiwa kumwagia maji kwa sababu ni mtu mwema wa matembezi, mwenye kupenda wageni. Hivyo ndivyo walivyosema waliokuja kutoka mtaani kwetu. Walikuja wengi. Walikuja walimu, akaja yule mtu wa hoteli, akaja Bwana Mramba na kofia mkononi. Mji huu haujapata kumzika Mpemba kwa heshima kiasi kile, na ni matembezi yaliyofanya hivyo. Mkeka ulipotandikwa ndani ya jeneza, matundu mawili ya misumari yalionekana upande wa kichwani. Mwanapili aliyafunika kwa kiganja mpaka wanaume walipokuja kubeba.

Matembezi yanaendelea. Vijana walitaka kuibadilisha njia, Mwanapili akakataa, kwa hiyo kituo cha mwisho bado ni ule mlango, naye husimama mbele yake akawaeleza watu habari za bibi wa Kipemba aliyeishi hapa. Wengine hulia. Mimi siendi tena kupika. Wamepata mtu mwingine.

Lakini asubuhi, akienda kazini, Mwanapili hupita kwangu kama alivyopita miaka yote. Hajanigombeza, hajaninunia. Hununua viazi vya watoto, hulipa, hungoja nimfungie. Watu walioketi pale kwenye benchi humtazama kwa mshangao, maana wanajua sisi ni watoto wa baba mmoja, na hawaelewi salamu anayonipa.

"Umeamkaje, jirani?" huniambia.

Nami humjibu kwamba nimeamka salama.